Nyoka wa Kiooni na Nyoka wa Tumboni

Katika Kirundi neno ni moja: inzoka. Ndilo jina la nyoka anayetambaa majanini, na ndilo jina la minyoo inayokaa tumboni, inzoka zo mu nda. Mtoto wa Magarama, mtaa wa hapa Gitega, aliyelelewa na bibi yake anazijua zote mbili kabla hajaanza shule. Lakini siku ya safari ya kwenda Bujumbura kuona wanyama wa bustani ya Musée Vivant, anaonywa kuhusu moja tu. Usimkaribie nyoka, usimtie mamba mkono. Jioni anarudi na vidole vyake kumi, nasi tunamshukuru Mungu. Ile inzoka ya pili hakuna aliyeitaja.

Niliwahi kuongozana na wanafunzi katika safari kama hiyo. Tuliporudi, basi lilisimama Bugarama, pale barabara ya Gitega inapoachana na ile ya Kayanza. Kulikuwa na ukungu na baridi, na akina mama wanaouza karoti na kabichi walikuwa wamelizunguka basi. Watoto walikuwa na njaa. Walitoa mikono madirishani, wakapokea karoti, wakazitafuna mbichi palepale. Mikono ileile ilikuwa imeshinda ikishika wavu wa vizimba, ikipapasa simbilisi, ikifunga kamba za viatu vilivyokanyaga kila kitu. Ndani ya basi tulikuwa na orodha ya majina, dawa ya kuzuia kutapika na filimbi ya mwalimu. Hatukuwa na maji wala kipande cha sabuni. Kosa hilo lilikuwa letu sisi watu wazima, na ndilo linalonifanya niandike leo, kwa mzazi, kwa mwalimu, na kwa yule anayeingia kizimbani kila asubuhi na sepeto mkononi.

Kwanza tujue kimelea kinavyosafiri

Vimelea ni viumbe wanaoishi ndani au juu ya mwili wa kiumbe mwingine na kujilisha kwa mgongo wake. Wengine ni wadogo hata jicho haliwaoni, kama ameba, jiardia, kriptosporidia na toksoplasma. Wengine ni minyoo: mchango, safura, tegu. Wengine hukaa kwenye ngozi: kupe, viroboto, vijidudu vya upele, na funza, yule tunayemwita imvunja.

Kimelea cha tumboni hakimrukii mtu kutoka kizimbani. Kinatoka na kinyesi cha mnyama kikiwa yai au kijidudu kilichojifunika gamba, kinashika kwenye udongo, kwenye wavu, kwenye manyoya, kwenye soli ya kiatu, kisha kinangoja. Mlango wake mkubwa ni kinywa, na mkono ndio unaokipeleka huko. Mlango wa pili ni ngozi, hasa ya mguu usio na kiatu: viluwiluwi vya safura hupenya hapo bila mtu kusikia zaidi ya mwasho.

Jambo la kushika ni kwamba vimelea havina saa moja. Jiardia na kriptosporidia hutoka kwa mnyama vikiwa tayari kuambukiza. Kinyesi cha dakika hii kinatosha kumwangusha mtoto. Vingine lazima vikomae kwanza nje ya mwili. Mayai ya toksoplasma, yanayotolewa na jamii yote ya paka, kuanzia paka wa jikoni hadi chui na simba, huhitaji siku 1 hadi 5. Safura huhitaji siku 5 hadi 10 udongoni ndipo kiluwiluwi chake kiweze kupenya ngozi. Minyoo ya mbwa na jamaa zake wa porini, ile inayoitwa toksokara, huhitaji wiki 2 hadi 4.

Ukilielewa hilo, kinga yote unaiona mwenyewe. Vile vinavyosubiri kukomaa vinashindwa na anayeondoa kinyesi kila siku kabla saa yao haijafika. Vile vilivyo tayari papo hapo vinashindwa na anayenawa kila anapogusa. Sepeto la kila siku na sabuni ya kila mara. Mengine yote nitakayoyasema hapa ni matawi ya mti huo.

Wapo watakaosema mtoto wao hagusi mnyama, anatazama tu. Nawakumbusha kisa cha Denver, Marekani. Mwaka 1996 makumi ya watu, wengi wao watoto, waliugua baada ya kutembelea maonesho ya mijusi wakubwa wa Komodo kwenye bustani ya wanyama ya mji huo. Kilichowaumiza ni bakteria wa salmonela na si kimelea, lakini njia yake ni ileile. Wachunguzi walipofuatilia, waliona kwamba wagonjwa hawakuwa wamemgusa mjusi. Walikuwa wamegusa uzio wa mbao uliozunguka kizimba, uzio ambao mijusi wenyewe walikuwa wameukanyaga kwa miguu iliyochafuka. Na walionawa mikono baadaye waliepukana na balaa hilo kuliko wenzao. Mtoto wako hatamgusa mamba. Wavu je? Na kile kiukuta anachoegemea ili aone vizuri?

Kwa mwalimu na mzazi

Maandalizi yaanze usiku wa kuamkia safari. Kata kucha za watoto, maana chini ya ukucha ndipo mayai ya minyoo yanapojificha na sabuni isiyafikie. Waambie wavae viatu vya kufunika mguu, wasije na kandambili. Kidonda cha mkononi kifungwe vizuri.

Kisha weka maji kwenye basi. Hesabu yake si ngumu. Mtoto mmoja akinawa vizuri hutumia kama nusu lita. Watoto 40 wanamaliza jerikani moja ya lita 20. Chukua jerikani mbili: moja ya kunawa wanapotoka bustanini, ya pili ya kunawa kabla ya kula njiani. Mche wa sabuni ukatwe vipande ili foleni isiwe ndefu. Mtu mmoja amimine, mwingine asimamie. Wasilowane tu, wasugue viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha kwa sekunde 20, halafu waache mikono ikauke hewani au kwa kitambaa safi. Sketi na kaptura zilizogusa wavu si taulo.

Tangu miaka ya korona tumezoea kichupa cha dawa ya mikono yenye pombe. Ni kizuri kwa virusi na bakteria wengi, lakini hakiui mayai ya minyoo wala kriptosporidia. Sabuni nayo haiviui. Kazi yake ni kuving'oa kwenye ngozi, na maji yanayotiririka huviondoa. Ndiyo maana beseni moja ambalo watoto wote wanachovya mikono halifai. Wa kwanza ananawa, wa arobaini anapakwa uchafu wa thelathini na tisa waliomtangulia.

Ndani ya bustani, chakula kibaki kwenye basi. Maandazi, karanga, miwa, peremende, hata chupa ya maji ya kunywa, visipite mbele ya vizimba. Mtoto anayenyonya kidole ashikwe mkono huo na mtu mzima. Chuchu ya bandia ya mtoto mchanga ikianguka chini, isipanguswe na kurudishwa kinywani. Na mkiruhusiwa kumpapasa mnyama mpole, iwe sungura, simbilisi au kobe, mpapaseni, furaha hiyo watoto hawaisahau. Lakini mnyama asipandishwe mabegani wala kubusiwa, na kutoka hapo iwe moja kwa moja kwenye maji.

Wapo wanaohitaji uangalizi zaidi: watoto walio chini ya miaka 5, wazee, wenye virusi vya UKIMWI, na wanaotumia dawa zinazopunguza kinga ya mwili. Kwao kuhara kwa kriptosporidia kunaweza kuchukua wiki nyingi na kuhatarisha maisha. Mama mjamzito naye ajihadhari na kinyesi cha jamii ya paka, kwa sababu toksoplasma ikimpata kwa mara ya kwanza akiwa na mimba inaweza kumfikia mtoto tumboni na kumdhuru macho na ubongo. Hawa wote waende wakafurahi. Ila waangalie tu, wasiguse, na wanawe kama wengine.

Ikitokea mtoto ameng'atwa au kuparuzwa na tumbili, mbwa au mnyama yeyote wa manyoya, usingoje mwisho wa matembezi. Osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyohiyo kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Hapo hatuzungumzii minyoo tena, tunazungumzia uhai.

Kwa mtunza wanyama

Mgeni anakaa saa mbili. Wewe unakaa miaka. Ndugu yangu unayeingia kizimbani, ushauri wako ni mrefu zaidi.

Kinyesi kiondoke kila siku, bila kusubiri Jumamosi wala ziara ya mkubwa. Kizimba cha chui au paka-mwitu kikisafishwa ndani ya saa 24, mayai mengi ya toksoplasma hayapati nafasi ya kukomaa. Kinyesi kilichokauka usikipulize kwa mpira wa maji wenye nguvu, kwani matone na vumbi vitakurudia puani na kinywani. Kiloweshe taratibu kwanza, kizoe kwa sepeto, ndipo uoshe sakafu. Vaa buti za mpira, glavu, na barakoa unapofagia mahali pakavu. Buti na nguo za kazi zibaki kazini. Ukirudi nazo Magarama, umewaletea wanao kizimba mlangoni.

Fuata mpangilio: anza na wanyama wachanga na wenye afya, maliza na wagonjwa pamoja na waliofika karibuni. Ndoo na ufagio wa kizimba cha nyani visiingie kwa nyoka. Mnyama mpya akae peke yake siku 30 au zaidi, na kinyesi chake kipimwe na mganga wa mifugo zaidi ya mara moja, kwa sababu minyoo haitagi mayai kwa kiasi kilekile kila siku. Nyama iliyokataliwa na mkaguzi wa machinjio asipewe mnyama wa kizimbani kana kwamba tumbo lake ni jalala. Uvimbe wa minyoo uliomo katika maini na mapafu unaendelea na safari yake ndani ya mlaji mpya.

Usitegemee javeli peke yake. Klorini iliyomo inashindwa na kriptosporidia na mayai ya mchango. Kinachoviua kwa uhakika ni joto: maji yaliyochemka juu ya sakafu na vyombo, kisha kukaushwa na jua. Osha kwanza uchafu wote utoke, ndipo umwage maji ya moto.

Anayehudumia chatu ana onyo lake. Ndani ya mapafu ya chatu na nyoka wengine wakubwa wa Afrika huishi kimelea kiitwacho Armillifer, chenye pingili kama shanga zilizotungwa. Mayai yake hutoka na mate na kinyesi cha nyoka. Mtu huyapata kwa kula nyama ya nyoka isiyoiva, au kwa mkono uliomshika nyoka ukaenda kinywani. Katika Kongo ni jambo linalojulikana, na wengi huishi bila dalili hadi picha ya eksirei inapoonesha vifundo vilivyokauka ndani ya mwili. Kwa hiyo anayemshika nyoka ili wageni wapige picha anawe, na wageni wanawe pia.

Anayehudumia nyani, tumbili au sokwe ajue kuna mnyoo mdogo uitwao strongiloidi. Unapenya ngozi kama safura, lakini una tabia mbaya zaidi: unaweza kuendelea kuzaliana ndani ya mtu kwa miongo, naye asijue. Siku akipewa dawa za jamii ya kotizoni kwa pumu au ugonjwa mwingine, minyoo hiyo inaweza kusambaa mwili mzima na kumuua. Basi kila unapokutana na daktari, kwa ugonjwa wowote, mtajie kazi yako. Sentensi moja, "Nafanya kazi na nyani," inaweza kuokoa roho.

Na mbolea? Najua mbolea ya bure inavutia, na bustani zetu za lengalenga zinaihitaji. Kinyesi cha wanyama wa kizimbani kisimwagwe kibichi kwenye mboga zinazoliwa. Kichimbiwe shimo mbali na kisima, kioze mpaka kiwe udongo, kisha kitumike kwenye miti.

Kwa wenye mnyama uani

Si kila kizimba kiko Bujumbura. Muyinga, upande wa Hifadhi ya Ruvubu, na hata huku Gitega, unaweza kumkuta tumbili mchanga amefungwa kamba chini ya mparachichi, watoto wakimlisha ndizi mdomo kwa mdomo. Tumbili wa porini mahali pake ni porini. Kumweka nyumbani kunamtesa yeye na kunawahatarisha wanao kwa ameba, minyoo na kung'atwa. Wajulishe wanaoshughulikia mazingira wamchukue, wala usimuuze kwa mtu mwingine.

Wanyama wetu halali nao tuwatazame kwa jicho hilohilo. Mbwa apewe dawa ya minyoo. Simbilisi na kuku wasilale chumba kimoja na watoto. Banda la nguruwe na mbwa lifagiliwe na kukaushwa, maana funza wanazaliana katika vumbi lake. Na nguruwe afungiwe mbali na choo. Utafiti uliofanyika Kiremba, kaskazini mwa nchi yetu, na kuchapishwa mwaka 2003, ulionesha kwamba vifuko vya tegu wa nguruwe ni sababu kubwa ya kifafa hapa Burundi. Mayai yanayoleta vifuko hivyo ubongoni hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, yakaingia kwa mtu mwingine kwa mkono, maji au mboga. Majirani wanaomwona mwenye kifafa kuwa amerogwa wangeokoa wengi kwa choo chenye mlango, nyama iliyoiva na sabuni.

Sisi pia tunawaambukiza

Mwaka 1996 katika msitu wa Bwindi, Uganda, gorila wa milimani walianza kunyonyoka manyoya na kujikuna. Daktari wa mifugo Gladys Kalema-Zikusoka aligundua kuwa ni upele, na dalili zote zilielekeza kwa watu wa vijiji jirani, ambao nguo zao chakavu gorila walizikuta mashambani. Mtoto mmoja wa gorila alikufa. Wengine walipona kwa dawa. Daktari huyo hakuwalaumu wanakijiji. Mwaka 2003 alishiriki kuanzisha shirika linalotibu watu na kulinda wanyama kwa pamoja, kwa kuwa aliona huwezi kuponya upande mmoja ukauacha mwingine.

Sisi Warundi tuna sababu ya kulijali hilo. Vita vilipoanza mwaka 1993, sokwe mtu yatima waliokuwa wakilelewa Bujumbura walianza kuhamishiwa Sweetwaters, huko Ol Pejeta nchini Kenya, na kundi jingine likafuata mwaka 1995. Nao walikuwa wakimbizi wetu. Mnyama aliye karibu nasi kwa damu hushiriki nasi maradhi. Kwa hiyo mwenye mafua au kuhara asiende kuwatembelea nyani, mtunza wanyama apimwe choo kila baada ya miezi kadhaa, na asiwepo mtu anayemtupia mnyama ganda la ndizi aliloling'ata.

Ukiona dalili

Kriptosporidia huonesha dalili siku 2 hadi 10 baada ya kuingia, jiardia wiki 1 hadi 3. Kwa hiyo safari isisahaulike mapema. Mtoto akihara zaidi ya siku tatu, akitoa damu, akivimba tumbo na kutoa gesi yenye harufu kali, akipauka, akiwashwa ngozi kwa mstari unaotambaa, au akilalamika jicho moja halioni vizuri, mpeleke kituo cha afya. Waambie tarehe ya safari na mnyama aliyemkaribia. Wakitaka choo mara tatu kwa siku tofauti, wapeleke mara tatu, maana kipimo kimoja hukosa mengi. Wakati huo mpe maji yenye chumvi na sukari ya hospitali, ORS.

Usinunue kidonge sokoni kwa kubahatisha. Albendazoli wanayopewa watoto wetu katika Wiki ya Afya ya Mama na Mtoto ni nzuri kwa mchango na safura, wala asikose mtoto hata mmoja. Lakini kidonge hicho kimoja hakimalizi jiardia, hakitibu ameba, na ni dhaifu mbele ya strongiloidi. Mjamzito asimeze dawa ya minyoo kabla ya kuonwa na muuguzi.

Sisemi haya ili safari zifutwe. Mtoto wa Magarama aliyemwona mamba kwa macho yake atajua kwa nini mto unalindwa, na aliyesimama mbele ya chatu bila kurusha jiwe amejifunza jambo ambalo kitabu hakimfundishi. Waende. Na basi lisimame Bugarama kama kawaida, maana karoti za pale ni tamu na wale mama wanahitaji kuuza. Ila mlango ukifunguliwa, jerikani ishuke kwanza. Watoto wafuate nyuma yake.